Nukta Kumi na Tisa

Jumatatu, 6 Oktoba 1997

Mvua ya kwanza. Imeanza saa nane mchana, ikapiga mabati ya dispanseri mpaka tukawa tunazungumza kwa mikono. Nimeamua kuandika kwa sababu redio haina betri na kwa sababu nimepata karatasi. Karatasi yenyewe ni kurasa za nyuma za daftari la chanjo, lile la tangu 1993. Toka nchi jirani zitufungie mipaka, daftari jipya halipatikani, petroli haipatikani, hata chumvi imekuwa na kiburi. Kurasa za mbele zimejaa majina ya wanawake wa mtaa wetu huu wa Kanyosha. Za nyuma ni nyeupe, basi nimezichukua.

Mimi ni Consolate, mzaliwa wa Uvira, muuguzi wa chanjo. Mwaka wa sita huu nadunga mikono ya watu kwenye dispanseri hii ya vitanda kumi na viwili. Kazi yangu kubwa ni sindano ya pepopunda kwa wanawake, inayomkinga mama na mtoto atakayemzaa: dozi tano, kila moja na tarehe yake kwenye kadi. Wanawake wananipenda. Sijisifu, nasema kilichopo. Nikipita sokoni sirudi bila parachichi mbili tatu za bure.

Asiyenipenda ni mmoja, Mwanasiti, mama wa Haitham, mwenye duka la vitambaa njia ya sokoni. Leo amekuja na mvua yote hiyo kuuliza kwa nini dirisha la chanjo limefungwa kabla ya saa tisa. Nikamwambia ni mvua. Akasema, "Mvua iko inje. We uko ndani." Akaenda zake.

Jumatano, 8 Oktoba

Mvua. Wagonjwa wanne, malaria wote.

Ijumaa, 10 Oktoba

Fabiola amepita kunisalimia. Ananiita yaya, kama tunavyoita dada mkubwa kwetu ng'ambo ya mto Ruzizi, na kweli namwona mdogo wangu ingawa hatukutoka tumbo moja. Anauza caguwa, zile nguo zilizokwisha kuvaliwa Ulaya. Furushi analichukua Zone Industrielle, kule kwenye viwanda, ambako mume wake Mugisho anapakia kahawa kwenye bohari, analiweka kichwani na kulileta mpaka Kanyosha bila kulishika hata kwa kidole. Ukimwona anavyotembea utadhani amebeba kofia. Ameniletea blauzi ya maua. Nimeikataa mara moja, mara ya pili nimeichukua.

Kadi yake ya chanjo anaihifadhi ndani ya plastiki pamoja na kitambulisho, maana bila kadi iliyojaa mama hapati sabuni wala maharagwe siku ya mgao. Tumecheka tulipokumbuka alivyoipata. Kadi ina tarehe tano, mkono wake hauna hata tundu moja.

Ilikuwa baada ya vita kuanza, uvumi ulipoenea kwamba sindano ya pepopunda inafunga kizazi. Kila upande ulisema upande wa pili ndio umeileta. Wanawake wakaja, wakanyoosha kadi na kugeuza uso: "Yaya, andika tu. Usinidunge." Fabiola alikuwa na mwezi mmoja wa ndoa, analia kabisa. Nikaandika. Nikaandika ya pili, mpaka ya tano. Dawa nilimwaga nyuma ya choo ili hesabu ya chupa itimie. Na hakuwa peke yake. Wakubwa walitaka takwimu, wanawake walitaka sabuni, sindano haikutakiwa na mtu, nikawaridhisha wote. Leo Fabiola ana watoto wawili wenye afya. Nani nilimdhuru?

Jumanne, 14 Oktoba

Mwanasiti tena. Amemleta Tahani, binti wa dada yake, aanze dozi ya kwanza. Amesogeza uso mpaka karibu na mkono wangu. "Nataka kuona dawa inaingia." Nilitaka kumwambia akae yeye kwenye kiti changu.

Ndivyo alivyo tangu zamani. Hata miaka ile ya uvumi alikuja mara tano, na mara zote tano alikunja mkono wa gauni, akasema "Bismillahi, dunga," akalikodolea macho bomba mpaka likaisha. Mtu wa namna hiyo utamwonea huruma ipi? Nilimdunga, tena kwa nguvu.

Jumamosi, 18 Oktoba

Asubuhi bunduki zimelia upande wa milimani, watu wamekimbia ovyo sokoni katika tope. Fabiola amekuja akichechemea. Amekanyaga ubao wenye msumari, umepita kandambili ukaingia kisiginoni. Msumari wenyewe ameuleta, una kutu na mavi ya ng'ombe. Nimesafisha kwa sabuni na dawa ya zambarau.

Nilifikiri kusema. Naandika hapa ili nisijidanganye baadaye: nilifikiri. Lakini benchi lilikuwa limejaa watu, na Fabiola akasema kwa sauti, "Mi niko na zote tano, yaya," akanikonyeza. Docteur Népomuscène alikuwa anapita. Ni mganga wetu mmoja tu, mwembamba, mpole, anavaa sweta hata jua likiwaka. Akaichukua kadi, akaitazama. "Tano. Muzuri sana. Huyu hana shida." Nikafunga kidonda kwa bandeji safi.

Jumapili, 19 Oktoba

Misa. Mvua.

Jumatano, 22 Oktoba

Mvua. Nimemwona Fabiola sokoni na furushi lake kichwani. Nimefurahi kuliko ilivyostahili.

Ijumaa, 24 Oktoba

Mvua. Kisigino kimekauka. Nimekitazama mwenyewe.

Jumatatu, 27 Oktoba

Mugisho amemleta juu ya baiskeli, amemfunga mgongoni kwake kwa kitenge asianguke. "Shemeji, tangu jana hakule. Kinywa kinafungika." Nilikuwa mlangoni. Fabiola alikuwa anatabasamu, lakini macho yake hayakuwa na furaha yoyote. Tabasamu hilo nimeliona kwa watoto wachanga waliokatwa kitovu kwa wembe wa kutu. Nilijua kabla hajashuka kwenye baiskeli.

Docteur alimpapasa shingo, ikawa ngumu kama ubao. Akajaribu kumfungua taya, zikakataa. Akatoa kadi kwenye plastiki, akazihesabu tarehe kwa kidole.

"Consolate, we ndiye ulimudunga?"

"Ndiyo, Docteur."

"Mara tano?"

"Mara tano."

"Basi si pepopunda. Ni homa ya uti wa mugongo." Akaagiza dawa za uti wa mgongo. Nikaziandika kwenye karatasi yake, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri.

Jumanne, 28 Oktoba

Mvua inapopiga mabati, Fabiola anakakamaa. Kelele yoyote inatosha: sufuria ikianguka, mlango ukifungwa. Mgongo unajikunja mpaka anabaki amegusa godoro kwa kisogo na visigino tu. Anafahamu kila kitu. Hilo ndilo baya zaidi, hapotezi fahamu hata kidogo.

Docteur amenivuta pembeni. "Bila hii kadi ningesema pepopunda pasipo kufikiri. Pengine chanjo iliharibika? Umeme ulikuwa unakatika miaka ile. Friji yako ilikuwa namna gani?"

Alinifungulia mlango mwenyewe. Ningesema ndiyo, joto liliharibu dawa, na ingekuwa kosa la umeme. Nikasema, "Friji ilikuwa muzuri, Docteur. Nilikuwa naandika joto lake asubuhi na jioni." Nimetetea friji. Mdogo wangu anavunjika kitandani, na mimi nimetetea friji.

Jumatano, 29 Oktoba

Asubuhi Docteur aliinama karibu na sikio la Fabiola, akamuuliza polepole, "Mama, hizi sindano, walikudunga kweli? Zote?"

Fabiola alinitazama. Alinitazama muda mrefu, jasho linamtiririka. Kisha akasema kwa meno yaliyofungwa, "Tano."

Alikuwa ananificha. Hawezi kumeza hata mate yake, ameitumia pumzi aliyokuwa nayo kunificha mimi. Nikatoka nje. Nikarudi. Nikamwambia Docteur anifuate chumba cha dawa, nikafunga mlango, nikasema yote: uvumi, kadi, choo. Nilisema kwa haraka nikitazama viatu vyake. Nilitarajia anipigie kelele. Hakupiga. Aliniuliza tu, "Ulijua tangu Jumatatu?"

"Tangu mlangoni, Docteur."

Akakaa kwenye kasha la dawa, akaondoa miwani. Nilipoomba radhi akainua mkono ninyamaze, akaanza kunieleza kama mwalimu, nadhani ili asinitukane. Alisema kidudu cha pepopunda chenyewe hakisafiri, kinabaki kwenye kidonda kinapika sumu. Sumu ndiyo inasafiri. Ikifika kwenye mishipa ya fahamu inashika kama gundi, na ikishashika hakuna dawa ya kuibandua. "Tunaweza kukamata ile tu ambayo bado inatembea. Kila saa, ile inayotembea inapunguka, na ile iliyoshika inazidi. Umeelewa?" Nilielewa. Alikuwa ananihesabia siku zangu mbili.

Dawa ya kuikamata ni serumu, na serumu imekwisha mjini. Amepiga simu kila mahali mpaka mchana. Ile inayotengenezwa kwa damu ya farasi hakuna, ya watu ndiyo kabisa. Alipoweka simu chini akasema, serumu ya watu inatoka wapi kwani? Inatoka kwa watu. Mtu aliyechanjwa sawasawa, damu yake ina kingamwili za kukamata sumu hiyo hiyo. Tukipata mmoja mwenye dozi zote tano, za kweli, damu yake ilingane na ya Fabiola, tutachukua maji ya njano ya damu na kumpa.

"Kanyosha nzima iko na kadi," akasema. "Na mi siwezi kuamini hata moja. Kuna namna ya kujua?"

Ipo. Nikaenda kuleta daftari hili ninaloandika. Miaka ile, kila nilipomdunga mtu kweli niliweka nukta ndogo ya penseli pembeni ya jina, ili nijue dawa kiasi gani ya kumwaga. Nukta zilikuwa za kunisaidia kudanganya. Docteur akapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa. Wanawake mia mbili na kumi na wawili. Wenye nukta, kumi na tisa. Wenye nukta tano kamili, wawili. Mmoja alikimbilia kambi za Tanzania mwaka juzi. Wa pili sikuhitaji kusoma jina lake.

Hakugeuza kurasa za nyuma. Akanirudishia daftari bila kunigusa mkono.

Jumatano hiyo hiyo, saa kumi na moja

Mwanasiti alikuwa anapima kitambaa kwa ule mti wake wa mita. Hakuniambia nikae. Nikamweleza kuhusu Fabiola na damu.

"Kwa nini mimi? Kanyosha yote wamedungwa."

"Apana, Mama Haitham. Hawakudungwa. Niliandika tu."

Akauweka mti chini. Nje walikuwa wanapita watu wanawahi nyumbani kabla ya marufuku ya kutembea usiku kuanza.

"Na mimi ulinidunga?"

"Ulidungwa. Mara tano."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hukuomba nikuache."

"Sema vizuri."

Nikasema vizuri. "Kwa sababu sikukupenda. Wale niliowapenda niliwaonea huruma."

Nilidhani atanifukuza. Alikunja kile kitambaa mara nne, taratibu. "Kumbe," akasema. "Wenye ulipenda umewaacha wazi. Mi ulinichukia, ndiyo ukanikinga."

Kisha akaniambia jambo ambalo miaka yote sikumuuliza. Mamake Tahani, kabla ya Tahani, alizaa mtoto wa kiume. Siku ya saba mtoto akaacha kunyonya, akakaza, akafa mikononi mwa Mwanasiti. "Ndiyo maana nilikuwa natazama sindano. Sikukushuku hata siku moja, Consolate. Nilikuwa naogopa tu."

Na mimi miaka yote nilijua ananishuku. Nilimjengea ubaya wote huo kwa macho yake tu.

Akafunga duka, akavaa baibui. Njiani nikaanza kumshukuru, akanikatiza. "Natoa kwa ajili ya Mungu. We usinishukuru."

Alhamisi, 30 Oktoba

Damu ya Mwanasiti ni A, kama ya Fabiola. Vipimo vyote ni vizuri. Docteur alimtoa mfuko mmoja jana jioni. Tuliuning'iniza kwenye friji, ile friji yangu nzuri, tukauacha mpaka nyekundu ikashuka chini na maji ya njano yakabaki juu, rangi ya mafuta ya karanga. Asubuhi Docteur ameyakamua kwenye mfuko mwingine, yakaanza kuingia mkononi mwa Fabiola tone kwa tone. Kisigino amekifungua upya, akakata nyama yote iliyooza ndani. Nilisema kimekauka. Kilikuwa kimekauka juu.

Mugisho alisimama miguuni pa kitanda na kofia mkononi. "Hii itamuponya, Docteur?"

"Itakamata sumu yenye inatembea. Yenye ilikwisha kushika, mwili utaiachia wenyewe, kidogo kidogo, wiki tatu, ine. Tumulinde asichoke." Akaongeza, "Kama tungeanza Jumatatu," akaacha hapo. Mugisho alidhani ni yeye aliyechelewa kumleta. Nimemwona anavyoinamisha kichwa. Sikumsahihisha.

Jumamosi, 1 Novemba

Watakatifu Wote. Sikwenda kanisani. Mishtuko ya Fabiola kumi na minne.

Jumapili, 2 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Mishtuko ishirini na mmoja. Mwanasiti amekuja kuuliza hali, akakaa dakika tano, hakuniangalia.

Jumatatu, 3 Novemba

Mugisho ameleta magunia ya kahawa kutoka bohari, matupu, kama arobaini, amepanda nayo juu ya paa na kuyatandaza juu ya mabati ya chumba cha Fabiola, mawe juu yake. Mvua ilipokuja, ilisikika mbali, kama inanyesha kwa jirani. Fabiola alikakamaa mara sita tu kutwa.

Aliposhuka amelowa, akanishika mikono yote miwili. "Shemeji, Docteur ameniambia we ndiye ulienda kutafuta ile damu. Mungu akuone." Nimemwacha anishukuru. Mikono yake ilikuwa na harufu ya kahawa mbichi, na nimeisikia mpaka sasa hivi ninapoandika.

Alhamisi, 6 Novemba

Mishtuko mitatu. Nimemlisha uji kwa mpira uliopitishwa puani.

Jumapili, 9 Novemba

Mishtuko miwili. Magunia yanaoza juu ya paa, yananuka, na yeyote asithubutu kuyaondoa.

Alhamisi, 13 Novemba

Docteur amempapasa uti wa mgongo. Pingili mbili zimebonyea kwa nguvu ya ile mishtuko ya siku za mwanzo. Atatembea, anasema, atapika, atafua kidogo. "Lakini kichwani asibebe kitu tena. Hata ndoo."

Nimeingia chumba cha dawa nikakaa kwenye lile kasha lake. Nilikuwa nikimwona Fabiola anavyokuja na furushi, shingo imenyooka, anasalimia watu kwa macho kwa sababu hawezi kuinamisha kichwa. Siku mbili zangu zimekaa kwenye mgongo wake, na zitakaa humo maisha yote.

Baadaye Docteur amechukua funguo zangu za friji. Ripoti ameiandika, hakunificha. Kabla haijaenda, anataka jambo moja. Amepata ahadi ya chanjo mpya mwanzoni mwa Desemba. Nichukue daftari, nipite nyumba kwa nyumba, nimwambie kila mwanamke asiye na nukta kwamba kadi yake si kweli. "Wewe mwenyewe. Mi nikiwaambia watasema ni siasa."

Jumatatu, 17 Novemba

Nyumba kumi na nane. Mvua. Watatu wamehama, mmoja alikufa vitani. Wengine wamecheka. Mama mmoja ameniambia, "Si tulijua? Na we ulijua. Uko unatangaza nini sasa?" Mwingine amenipa parachichi kama zamani. Nimelirudisha mezani kwake, akakasirika kweli.

Jumatano, 19 Novemba

Nyumba ishirini na mbili. Leo mama mmoja hakucheka. Mtoto wake wa pili alikufa siku ya nane, mwaka 1995. Aliniuliza kama ile sindano ingemkinga. Nilitaka kusema sijui. Badala yake nikamuuliza: mtoto alikuwa amekaza? Ndiyo. Alikuwa ameacha kunyonya? Ndiyo. Nikasema, "Ndiyo, mama. Ingemukinga." Akaingia ndani akafunga mlango, nikasimama kwenye mvua na daftari chini ya blauzi. Ilikuwa ile blauzi ya maua. Sitaivaa tena.

Miaka yote najisemea nani nilimdhuru. Sikuwahi kwenda kuuliza.

Ijumaa, 21 Novemba

Mvua. Nyumba kumi na moja.

Jumatatu, 24 Novemba

Fabiola amefungua kinywa. Amekula wali na ndagala, polepole, Mugisho anamchambulia vichwa vya samaki. Wakacheka. Nilingoja amalize. Nilikuwa nimejiapiza kwamba siku atakayokula mwenyewe ndiyo siku nitakayosema, na nilikuwa natumaini, Mungu anisamehe, ichelewe kidogo.

Nikawaambia wote wawili. Jumatatu mlangoni. "Mara tano, Docteur." Friji. Mgongo umebonyea kwa nini.

Mugisho aliweka sahani chini. Alitoka. Baada ya muda nikasikia hatua zake juu ya mabati; alikuwa anateremsha magunia, moja moja, anayatupa uani.

Fabiola alikuwa anatazama dari. "Mi ndiye nilikuomba uandike," akasema.

Nikashika hilo haraka, mwenye aibu hushika chochote. "Wote tulikuwa tunaogopa."

"Apana. Mi nilikuwa naogopa sindano kwa sababu sikujua kitu. We ulijua." Akapumua. "Siku ile Docteur aliniuliza, nikasema tano. Nilifikiri kama si pepopunda kweli, kwa nini nikuharibie kazi? Nilikuwa nakutazama. Nilikuwa nangoja useme we mwenyewe kama ni hiyo."

Akageukia ukutani, na hata kugeuka huko kulimchukua muda, kwa ajili ya mgongo. Nilitaka kumsaidia. Nikaogopa kumgusa.

Jumanne, 25 Novemba

Mvua. Amerudi nyumbani kwa teksi. Sikuitwa kuaga.

Jumamosi, 29 Novemba

Nimemaliza nyumba zilizobaki. Mia moja na sabini na sita nimewaona kwa macho. Waliosema watakuja, arobaini na wachache.

Ijumaa, 5 Desemba

Mvua imeacha kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, tope limeanza kukauka. Chanjo imefika kwenye kasha la barafu. Wamekuja wanawake sitini na wanane, wengi kuliko walioahidi, na nimejua sababu nilipomwona Mwanasiti mlangoni, amesimama na ule mti wake wa mita kama askari. Alikuwa amepita nyumba zile zile nyuma yangu.

Hakuna aliyesogea. Walikuwa wananitazama na wanatazama kasha. Mwanasiti akasema, "Aanze yeye."

Ndipo nilipolazimika kusema la mwisho, lile ambalo hata hapa sikuwa nimeliandika. Kadi yangu mwenyewe ina tarehe tano, niliziandika siku moja kwa kalamu moja. Mimi pia niliamini uvumi kidogo. Nikakaa kwenye kiti, nikakunja mkono wa gauni. Docteur akanidunga mbele yao wote, akaniandikia kadi mpya: dozi ya kwanza. Miaka sita muuguzi wa chanjo, dozi ya kwanza. Mmoja nyuma akacheka, wengine hawakucheka.

Kisha Docteur akanipa bomba. Jumatatu ripoti inaenda na huenda hii ni siku yangu ya mwisho humu, lakini mikono ilikuwa haitoshi.

Wa kwanza kutoka kwenye mstari alikuwa Fabiola. Sikujua amekuja. Docteur alikuwa amemweleza kwamba kuugua pepopunda hakumkingi mtu, aliyepona anaweza kuugua tena, lazima achanjwe kama wengine. Alitembea polepole, ameinama kidogo mbele, Mugisho amemshika kiwiko. Hakuwa na furushi. Alikaa. Ile kadi ya zamani aliitoa kwenye plastiki, akaiweka mezani, akaisukuma kwangu kwa kidole kimoja.

Nilingoja aniite yaya.

"Muganga," akasema, kama wanavyosema watu wasionijua, "leo utadunga, ao utaandika tu?"

Hakuwa anatania. Chumba kizima kilikuwa kinasikiliza. Nikasafisha mkono wake, nikadunga, nikasukuma bomba polepole mpaka likaisha, na Fabiola alikodolea macho sindano mpaka mwisho, kama alivyokuwa akifanya Mwanasiti. Nikaweka pamba. Kisha nikachukua kadi mpya, nikaandika.